Maandishi Juu ya Nguo

Huenda, msomaji, umepata kumwona nyanya yako akisimama katika duka la leso, akizifunua moja baada ya moja, kisha akaikataa iliyo nzuri kwa rangi kwa sababu tu maneno yake hayampendezi. Usimcheke. Nguo ile imetoka mbali.

Katika karne ya 19 nguo iliyoenea sana katika pwani yetu ilikuwa merikani, yaani nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts katika nchi ya Marekani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya nchi yao na Sayyid Said. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hata 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za viwanda vya kwingine zikashika nafasi. Lakini jina la merikani halikuondoka. Watumwa walivaa merikani hiyo, au kaniki, ambayo ni nguo ya namna ile iliyotiwa rangi ya nili. Basi mtumwa aliweza kutambuliwa kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa.

Ndipo ikaja leso. Jina hili tulilipata kwa Wareno, nalo lilikuwa la kitambaa kidogo cha mkononi. Yasemekana wanawake walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaunga sita pamoja wapate vazi zima. Nguo nyingine zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vilivyochongwa. Sheria ilipokoma kuutambua utumwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga leso za rangi. Mwanamke ambaye jana alivishwa na bwana wake, leo alichagua nguo yake mwenyewe. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko mengi yaliyoandikwa katika vitabu vya wafalme.

Maneno yalifuata baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Hapa Mombasa anayetajwa sana katika habari hizi ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Leso ina pindo, ina mji, na yale maneno yake huitwa jina.

Sasa nikueleze ya nyumbani kwangu. Mwaka uliopita wajukuu wangu wawili walikuja na karatasi za vinaili, ambayo ni plastiki nyembamba yenye gundi iyeyukayo kwa joto. Mama yao alikuwa akirejea likizo kutoka Doha, alikokuwa akifanya kazi, baada ya miaka mitatu, nao walitaka kumpokea wamevaa fulana zenye maandishi. Mkubwa alikata herufi kwa mashine ndogo. Kazi yangu ilikuwa pasi: iwe kavu, bila mvuke, ikandamizwe kwa muda mfupi pasipo kusuguliwa, kisha utando wa juu ubanduliwe polepole.

Fulana ya kwanza ilitoka vizuri. Ya mdogo ilitakiwa isomeke MAMA. Lakini herufi hukatwa kwa upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo ni lazima neno ligeuzwe kwanza kama lionekanavyo katika kioo, vile vile kama mchongaji wa vibao vya chapa alivyochonga kinyume. Jambo hilo nalijua tangu zamani, na bado tulilisahau sote watatu. Nilipoubandua utando, kifuani paliandikwa AMAM, kila herufi ikiwa imesimama sawasawa, hata usingeweza kudhani kuwa pana kosa la mashine.

Mtoto alilia. Karatasi ilikuwa imekwisha, na ndege ilikuwa inashuka jioni ile ile. Nilimwambia achague: avae fulana tupu, au avae ile. Alifikiri kitambo, akafuta machozi, akaivaa.

Katika uwanja wa ndege mama yake alisoma kifua cha mkubwa, akasoma cha mdogo, akauliza Amam ni nani. Mtoto akamjibu, "Ni wewe, umerudi."