Katuni za Mashujaa na Watoto wa Buha: Fanani ni Nani?

Makala haya yanahusu swali ambalo wazazi wa Kasulu na Kibondo hututupia sisi tunaorudi likizo kutoka chuo: eti hiki kikatuni cha mtu anayeruka angani, watoto watazame au wasitazame? Mwaka juzi mdogo wangu alijifunga kitenge cha mama shingoni, akapanda juu ya tanuru la matofali, akaruka. Mkono ukavunjika. Basi nyumbani kesi ikawa ya katuni.

Swali si geni. Katika Tanganyika ya mkoloni wakaguzi waliruhusu picha fulani kwa Wazungu na Wahindi, lakini Mwafrika, hata awe na wajukuu, akakatazwa. Mtu mzima alihesabiwa mtoto! Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, ulizungusha filamu za mafunzo vijijini kwa imani kwamba Mwafrika anahitaji picha za namna yake. Baada ya uhuru, Sheria Na. 4 ya 1976 ilitaka picha ipate kibali kabla ya kuoneshwa hadharani. Ubaguzi wa rangi ukaondoka, lakini anayehukumiwa akabaki yule yule: picha yenyewe, bila hadhira yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakaguzi. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 tu, na huku milimani wengi wetu tulizijua picha kwa mabanda ya video, na kwa sauti ya mtafsiri. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, alivuma kwa kazi hiyo. Mtafsiri hatafsiri tu, bwana. Anaongeza, anatania, anaruka asichokielewa. Kilichopewa kibali na kile anachosikia mtoto ni kazi mbili.

Wapo wanaosema turudi kwa hadithi za bibi, ati hazina ukatili. Jamani! Fisi anachomwa moto, zimwi linapasuliwa tumbo. Ukatili umejaa tele. Ila bibi yupo pale motoni, na mtoto akishtuka anauliza kwa Kiha na kujibiwa kwa Kiha.

Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini aliruka. Akasema alikunywa dawa kwanza, maji ya majivu, kama shujaa. Nikashangaa, maana Superman, tangu alipotokea 1938, huruka kwa sababu alizaliwa sayari nyingine. Nikaitazama ile picha. Kumbe dawa haimo, ni ya mtafsiri! Habari ya sayari kaiacha kabisa, na ndiyo ambayo ingemwambia mtoto kwamba yeye, mzaliwa wa Kasulu, hawezi.

Hukumu yangu ni kwamba kikatuni hiki kinafaa, mradi mtu mzima akae pembeni na kujibu maswali. Baba hajakubali. Anasema huyo mtu mzima jioni ndiyo kwanza anatoka shambani, amechoka, na jembe bado liko begani. Hapo sijapata la kumjibu.