Nyaraka za Milki za Makabaila wa Ayalandi

Nyaraka za milki za ardhi za Ayalandi ni madaftari ya kodi, mikataba ya upangaji, ramani, wosia, hesabu na barua zilizotunzwa na familia za makabaila tangu karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ziliandikwa ili kulinda haki ya mwenye ardhi na kumwezesha kukusanya kodi yake. Hata hivyo, ndani yake ndimo yalimosalia majina na habari za maelfu ya wakulima wapangaji ambao hawakumiliki ardhi, na ambao wengi wao hawakuacha maandishi yao wenyewe.

Sehemu kubwa ya milki hizo ilitokana na unyang'anyi. Taji la Uingereza lilitwaa ardhi ya wakuu wa Kiayalandi na kuigawa kwa walowezi, kwanza katika jimbo la Munster miaka ya 1580, kisha katika jimbo la Ulster kuanzia 1609. Baada ya ushindi wa jenerali wa Kiingereza Oliver Cromwell nchini humo, ardhi ya Wakatoliki ilitwaliwa kwa wingi zaidi, na mwaka 1655 na 1656 William Petty aliongoza upimaji wa maeneo yaliyotwaliwa ili wagawiwe askari na wakopeshaji wa serikali. Kufikia 1703, Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walibakiwa na takriban asilimia 14 tu ya ardhi. Mwenye milki iliyopatikana kwa njia hiyo alihitaji karatasi za kuitetea, na ndiyo maana hati zilitunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Sheria nayo iliongeza karatasi. Kuanzia 1704 Wakatoliki walikatazwa kununua ardhi au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Mwaka 1708 ilianzishwa Ofisi ya Usajili wa Hati mjini Dublin, na mojawapo ya malengo yake lilikuwa kuzuia ardhi isihamishwe kwa siri kukwepa makatazo hayo. Muhtasari wa kila hati iliyosajiliwa ulinakiliwa katika vitabu vikubwa, vikiambatana na faharasa mbili: moja ya majina ya waliotoa ardhi na nyingine ya mahali ilipo.

Kiini cha nyaraka za milki yoyote ni daftari la kodi. Kwa desturi kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei na Novemba. Daftari lilionyesha jina la mpangaji, eneo lake, kiasi alichotakiwa kulipa, alicholipa na malimbikizo ya deni lake. Mikataba nayo ina thamani ya pekee. Upangaji mwingi ulidumu kwa muda wa uhai wa watu watatu waliotajwa majina. Ulimalizika pale wa mwisho wao alipofariki. Wapangaji walipenda kutaja watoto wadogo ili muda urefuke, hivyo mkataba mmoja unaweza kufichua majina na umri wa watoto wa familia nzima.

Barua ni nyingi kwa sababu makabaila wengi waliishi London au Dublin, na wasimamizi wao waliwaandikia mara kwa mara kuhusu mavuno, bei za ng'ombe, madeni na ghasia. Mikataba ya ndoa inaonyesha upande wa pili wa mali ya familia. Ilibebesha ardhi posho za wajane na mafungu ya mabinti na wana wadogo, malipo yaliyoendelea kizazi baada ya kizazi. Kufikia miaka ya 1840 milki nyingi zilikuwa zimelemewa na madeni ya namna hii.

Ndipo ikaja Njaa Kuu, baada ya ugonjwa kuharibu viazi kuanzia 1845. Takriban watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Milki ya Strokestown, katika kaunti ya Roscommon, imeacha ushahidi wa kina wa msiba huo. Humo mna ombi la mwaka 1846 kutoka kwa wapangaji wa Cloonahee waliokuwa wakikabiliwa na njaa. Mna pia habari za uamuzi wa kabaila, Meja Denis Mahon, kuwasafirisha wapangaji wapatao 1,490 kwenda Kanada mwaka 1847; wengi wao walikufa njiani. Mahon mwenyewe aliuawa kwa risasi Novemba mwaka huohuo.

Kodi zilipokoma kulipwa, makabaila wengi walifilisika. Sheria ya 1849 iliunda mahakama maalumu ya kuuza milki zenye madeni. Kwa kila mnada kilichapishwa kijitabu chenye ramani, orodha ya wapangaji na masharti yao, na vijitabu hivyo sasa ni hazina kwa watafiti. Baada ya harakati za wakulima zilizoanza 1879, Tume ya Ardhi iliundwa 1881, na sheria ya 1903 ikaharakisha ununuzi wa ardhi kwa ajili ya wapangaji. Hati nyingi za umiliki zilihamia kwenye Tume hiyo.

Kati ya 1919 na 1923 zaidi ya majumba 200 ya makabaila yalichomwa moto, baadhi yakiteketea pamoja na maktaba na nyaraka zake. Hasara kubwa zaidi ilitokea Dublin tarehe 30 Juni 1922. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Nyaraka za Umma katika jengo la Four Courts iliharibiwa, na humo zikapotea karibu kumbukumbu zote za sensa za 1821 hadi 1851 pamoja na wosia mwingi. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Vitabu vya Ofisi ya Usajili wa Hati vilinusurika, kwa kuwa vilihifadhiwa katika jengo jingine. Tangu hapo nyaraka za familia zikawa tegemeo la lazima.

Kazi ya kuzikusanya ilifuata. Ofisi ya Nyaraka za Umma ya Ayalandi ya Kaskazini, iliyoundwa 1923, ilizitafuta kwa familia na mawakili. Kusini, Tume ya Miswada ya Ayalandi ilianzishwa 1928, na mkaguzi wake Edward MacLysaght alipita katika majumba akiorodhesha yaliyomo. Maktaba ya Taifa mjini Dublin ilipokea makusanyo makubwa, yakiwemo ya familia ya Butler wa Ormond kutoka ngome ya Kilkenny. Nyaraka za Strokestown ziliokolewa na Jim Callery, aliyeinunua milki hiyo mwaka 1979, na jumba la makumbusho ya Njaa Kuu likafunguliwa hapo 1994.

Nyaraka hizi zinadai msomaji makini. Daftari humtaja yule aliyelipa kodi moja kwa moja kwa kabaila. Wapangaji wadogo waliokodi kutoka kwa dalali wa ardhi, na vibarua waliopewa kipande cha kulima viazi, mara nyingi hawaonekani kabisa. Wanawake huonekana hasa wanapokuwa wajane. Maneno ya msimamizi kuhusu mpangaji mvivu au mkorofi ni hukumu ya upande mmoja. Kwa hiyo watafiti hulinganisha madaftari na maombi ya wapangaji wenyewe, kama yale mengi yaliyosalia katika nyaraka za milki ya Shirley ya Monaghan, na pia na orodha za Richard Griffith za kukadiria thamani ya ardhi, zilizochapishwa kati ya 1847 na 1864. Zikisomwa kwa pamoja, humwezesha mtafiti kufuatilia familia moja ya wakulima katika kipande kilekile cha ardhi kwa zaidi ya karne moja.