Redio Iliyojificha Ndani ya Morris

Mjomba wangu wa Tanga ana Morris Minor aliyoachiwa na babu, na mwaka ule alipotaka kumwoza binti yake alitoa masharti mawili. La kwanza, bibi harusi atapanda Morris, si gari jingine, na ndani ya gari kuwe na muziki. La pili, lisionekane tundu jipya hata moja.

"Ukiitoboa dashibodi ya baba yangu," alimwambia fundi, "umenitoboa mimi."

Fundi akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwepo siku ya jaribio la kwanza. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nashinda gereji nikishika tochi na kupokeza spana huku nikijiambia kuwa nakusanya visa vya riwaya. Fundi mwingine, ambaye simtaji, alileta redio mpya inayong'aa, akaunga waya nyekundu huku na nyeusi kule kama anavyofanya kwenye magari ya siku hizi. Alipoibandika tu kwenye bati, tukasikia "tss!" Moshi ukatoka, harufu ya plastiki ikajaa. Redio ikafa kabla haijasema neno. Mjomba hakugombana na mtu. Alifungua milango yote minne moshi utoke, akaenda kukaa barazani.

Sasa, kwa nini iliungua? Katika magari ya leo, upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Lakini Waingereza, mpaka katikati ya miaka ya 1960 na kwa baadhi ya magari hata baada ya hapo, walifunga upande chanya. Morris ya babu ni ya namna hiyo. Kasha la redio ya kisasa ni hasi, bodi ya gari ni chanya, vikigusana ni ugomvi. Yule fundi hakuwa mjinga, ila alilifanyia kazi gari la mwaka 1962 kana kwamba limezaliwa jana.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nianze kuitafuta historia ya redio za magari usiku, kwenye kioo kidogo cha simu. Nilikuwa nikiamini kuwa gari na redio ni watoto wa tumbo moja. Kumbe wapi! Redio iliingia garini kama mgeni asiye na kiti.

Mwaka 1928, mjini Chicago, Paul Galvin na ndugu yake Joseph walianzisha kampuni ndogo iliyotengeneza vifaa vya kuwezesha redio ya betri itumie umeme wa nyumbani. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaporomoka. Biashara ikawa ngumu, na hapo ndipo Galvin alipoikazania redio ya gari. Husimuliwa kwamba alikwenda kwa mwenye benki kuomba mkopo, akafungiwa redio katika Packard ya bwana yule ili aone mambo yenyewe. Haikupita nusu saa, Packard ikashika moto! Niliposoma hayo nilimkumbuka fundi wetu, nikamsamehe.

Galvin hakukata tamaa. Juni 1930 alifunga redio kwenye Studebaker yake, akaendesha zaidi ya kilomita elfu moja hadi Atlantic City, kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda cha maonyesho. Akaegesha gari nje, akafungulia sauti, watu wakaja wenyewe. Redio ile ndiyo aliyoiita Motorola, jina lililoungwa kutoka "motor" na kile kiishio cha "ola" kilichokuwa fasheni katika majina ya vinanda vya santuri. Mwaka 1947 kampuni nzima ikachukua jina hilo.

Hebu tazama redio yenyewe ilivyokaa, maana hapo ndipo niliposhangaa. Haikuwa kitu kimoja cha kuchomeka kwenye dashibodi. Dashibodi haikuwa na nafasi yake. Kasha lenye vali za kioo lilifichwa mbele ya miguu ya abiria au nyuma ya dashibodi. Betri za ziada zilifukiwa chini ya sakafu, kwa sababu vali zilitaka volti nyingi kuliko za gari. Spika ilikuwa peke yake mahali pengine. Na antena? Mapaa mengi yalikuwa ya kitambaa, basi wavu wa waya ukatandazwa ndani ya paa. Alichokiona dereva ni kidude kidogo tu karibu na usukani, chenye vishikizo vya kuzungusha, kikivuta nyaya zilizokwenda kwenye kasha kule gizani.

Ujerumani nako, mwaka 1932, Blaupunkt walitoa redio yao ya gari, AS 5. Ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi. Kilo kumi na tano, jamani! Nayo iliwekwa mbali na dereva, ikaongozwa kutoka kwenye usukani.

Shida nyingine ilikuwa kelele. Gari la petroli huwashwa na cheche, na kila cheche ni kama stesheni ndogo ya redio inayotangaza fujo. Galvin na wenzake walihangaika sana kuzinyamazisha plagi na koili. Wengine walihangaika kuinyamazisha redio yenyewe: Massachusetts, mwaka 1930, ilipendekezwa sheria ya kuzikataza redio kwa madereva, eti zitawapotezea umakini au kuwalaza usingizi.

Baada ya hapo mgeni akapata kiti. Vali zikapungua, mwaka 1955 Chrysler wakaleta redio ya gari ya transista tupu, na mwaka uliofuata wakajaribu hata kuweka kinanda cha santuri chini ya dashibodi, jambo ambalo kwa barabara zetu lisingefika hata kona ya kwanza. Kaseti ya Philips ilitoka 1963. Wajerumani wakaweka kipimo kimoja cha tundu la redio, upana milimita 180 na kimo 50, dunia nzima ikafuata. Kipimo hicho ndicho kilichoyaponza magari ya zamani. Watu walichukua msumeno wa chuma wakakata dashibodi zilizotengenezwa kabla ya kipimo hicho, ili redio ya kaseti iingie. Baadaye redio ikaibwa, au ikaharibika, tundu likabaki kinywa wazi. Nimeyaona magari kadhaa ya hivyo. Bati likishakatwa halioti tena.

Basi fundi wetu wa pili, mzee asiyesema sana, akafanya kama Galvin bila kumjua Galvin. Kwanza aligeuza umeme wa gari. Akabadili nyaya za betri, akabadilisha waya za koili, kisha akachukua waya wenye moto akaugusisha kidogo kwenye ncha ya dainamo iliyoandikwa F. Cheche moja, basi. Dainamo ikajua upande wake mpya. Halafu akatoa ampilifaya ya Bluetooth, ndogo kama pakiti ya sigara, akaifunga nyuma ya kijaluba cha dashibodi kwa kutumia tundu la skrubu lililokuwepo toka kiwandani. Spika mbili akazipigilia kwenye ubao, ubao akaupachika chini ya rafu ya vifurushi, zikitazama miguuni. Fyuzi ya ampia 10 karibu na betri. Nilimuuliza kwa nini asiweke ampilifaya kubwa.

"Dainamo hii inatoa ampia ishirini na kidogo," alijibu. "Taa zinakula, waipa inakula. Unataka harusi ilale njiani?"

Tulipowasha, muziki ulikuja na mluzi uliopanda kila nilipokanyaga mafuta. Ugonjwa uleule wa 1930! Mzee akaongeza kapasita kwenye dainamo, mluzi ukaisha.

Mjomba alikuja jioni. Akafungua kijaluba, akainama chini ya viti, akapapasa dashibodi yote kwa kiganja, polepole, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Hakuna tundu. Nikaminya simu mfukoni, taarabu ikaanza kutoka kusikojulikana.

"Iko wapi, mjomba?"

"Ipo."

"Sitaki kuijua," akasema, akafunga mlango taratibu.

Siku ya harusi nilikaa mbele na simu yangu mkononi, nyimbo nimezipanga tangu usiku. Kutoka Ngamiani mpaka ukumbini wanawake walipiga vigelegele na kuimba, ndani ya Morris na kwenye magari ya nyuma, na hakuna aliyesikia hata wimbo mmoja.