Jimmy Quinn

James "Jimmy" Quinn (8 Julai 1878 – 20 Novemba 1945) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Uskoti, mshambuliaji wa kati wa klabu ya Celtic ya mjini Glasgow na wa timu ya taifa. Alizaliwa Croy, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe, naye mwenyewe alifanya kazi mgodini.

Alijiunga na Celtic mwaka 1901, akaanza kama winga wa kushoto. Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya 1904 uwanjani Hampden Park, kocha Willie Maley alimpanga katikati kwa kuwa mshambuliaji wa kati Alec Bennett hakucheza. Wapinzani wao, Rangers, walitangulia kwa mabao 2–0, lakini Quinn alifunga matatu peke yake na Celtic wakatwaa kombe kwa 3–2. Tangu siku hiyo nafasi ya kati ikawa yake.

Quinn alikuwa na mabega mapana, mbio kali na ujasiri wa kupenya katikati ya mabeki. Aliongoza safu ya mbele ya kikosi cha Celtic kilichotwaa ubingwa wa ligi mara sita mfululizo, 1905 hadi 1910. Aliichezea Uskoti mechi 11 na kuifungia mabao 7, yakiwemo manne dhidi ya Ireland mjini Dublin mwaka 1908.

Alistaafu mwaka 1915 akiwa ameifungia Celtic zaidi ya mabao 200, na anahesabiwa miongoni mwa washambuliaji wakubwa kabisa wa klabu hiyo.