Dorothy Ashby na Kinubi Kilichokataa Kuwa Pambo

Kuna uwezekano mkubwa umeshamsikia Dorothy Ashby bila kujua ni yeye. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa Stevie Wonder, basi kuna wimbo mmoja kwenye Songs in the Key of Life, albamu ya mwaka 1976, ambapo bendi nzima inanyamaza. Ngoma hakuna. Besi hakuna. Ni sauti ya Stevie, kinubi, na harmonika kidogo. Wimbo wenyewe ni "If It's Magic". Katika mradi wa nyimbo 21 uliojaa wanamuziki wa kila aina, mtu mmoja tu ndiye aliyeaminiwa kuubeba huo wimbo kwa vidole vyake.

Wengi huishia hapo: alimpigia Stevie kinubi. Lakini kufikia 1976 mama huyu alikuwa na karibu miaka 20 ya kurekodi kwa jina lake mwenyewe, na karibu miaka 20 ya kuambiwa kwamba kinubi si ala ya jazi.

Alizaliwa Dorothy Jeanne Thompson mjini Detroit, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baba yake, Wiley Thompson, alikuwa mpiga gita la jazi, na nyumbani kwao wanamuziki walikuwa wakiingia na kutoka. Dorothy akiwa bado mdogo alikaa kwenye piano akawasindikiza. Halafu akaenda Cass Technical, shule ya umma ambayo pia ilimtoa mpiga tarumbeta Donald Byrd. Cass Tech ilikuwa na kitu ambacho shule nyingi hazikuwa nacho: vinubi, na mwalimu wa kuvifundisha. Hebu tulia hapo kidogo. Kinubi cha okestra kina bei ya gari. Bila shule ya serikali kumwekea ala hiyo mbele yake, binti Mweusi wa Detroit angekigusia wapi? Tunapenda kusema kipaji hakizuiliki. Kinazuilika, tena kirahisi sana. Cha Dorothy kilipata mlango kwa sababu kuna watu waliamua kulipia muziki katika shule ya umma.

Baadaye alisomea piano na ualimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Wayne, akaanza kupiga piano kwenye vilabu vya Detroit. Mwaka 1952 akafanya kinubi kuwa ala yake kuu. Wenzake walishangaa. Walioingiza kinubi kwenye jazi kabla yake walikuwepo, kama Casper Reardon na Adele Girard katika enzi ya swing, lakini hii ilikuwa enzi ya bebop: muziki wa kasi, kodi zinazobadilika kila sekunde mbili, na wapigaji wasio na huruma kwa anayechelewa.

Ili uelewe ugumu wake, angalia ala yenyewe. Piano ina vibao vyeupe na vyeusi, noti zote zimepangwa mbele yako. Kinubi cha pedali kina nyuzi 47 na pedali 7, moja kwa kila noti ya skeli. Kila pedali ina nafasi tatu: inaishusha noti nusu toni, inaiacha ilivyo, au inaipandisha nusu toni. Ukitaka noti ambayo kwenye piano ingekuwa kibao cheusi, lazima mguu wako uwe umeshasogeza pedali kabla kidole hakijagusa uzi. Sasa weka hapo wimbo wa bebop. Mikono inacheza melodia na kodi, na chini miguu inafanya kazi kama ya dereva wa matatu kwenye mteremko wa Limuru, clachi, gia, breki, bila abiria kuhisi lolote. Msikilize Ashby anavyoteleza na uzito wote huo, na hautasikia jasho hata tone.

Watu wengine walikuwa wakitumia kinubi kumwaga zile noti za kumetameta, kama kwenye sinema mtu anapoanza kuota. Ashby alikataa hiyo kazi ya mapambo. Alikipiga kama gita, akakipiga kama piano, akakifanya kizungumze na filimbi kama watu wawili wanaobishana kwa upole. Albamu yake ya kwanza, The Jazz Harpist, ilitoka 1957, mpiga filimbi akiwa Frank Wess kutoka bendi ya Count Basie. Mwaka 1958 zikafuata Hip Harp na In a Minor Groove. Kufikia 1965 alikuwa na albamu sita.

Pesa je? Umaarufu? Hapo ndipo hadithi inauma. Vilabu havikutaka kumpa nafasi, kwa hiyo yeye na kundi lake la watu watatu walipiga bure, walipiga kwenye harusi, walipiga kwenye dansi, ili tu watu wazoee. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa amebeba mizigo mitatu: mwanamke katika jazi, Mweusi, na mpiga kinubi. Watu wake mwenyewe aliotaka kuwafikia hawakuwa na hamu na ala hiyo hata kidogo. Kwa hiyo hakuwa anapigana na Wazungu wa okestra peke yao. Alikuwa anawaambia majirani zake pia kwamba kinubi ni chao.

Na kwa kweli ni chao. Ni chetu. Wamisri wa kale walichora wapiga vinubi kwenye kuta za makaburi. Ng'ambo ya mpaka wetu, Waalur wa Uganda wana adungu, na Waganda wana ennanga. Wataalamu huiweka nyatiti ya Wajaluo katika ukoo wa jirani, lakini angalia inavyopigwa: vidole viko kwenye nyuzi nane, na mguu una pete ya chuma inayogonga ubao kushika mdundo, na njuga zinalia. Miguu na mikono, kazi moja. Na kama ilivyokuwa kwa Ashby, kulikuwa na mlango uliofungwa. Kwa desturi nyatiti ilikuwa ya wanaume, na mwanamke aliyeishika, kama Suzanna Owiyo, alikuwa anashika zaidi ya ala.

Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya ghasia zilizoua watu 43 Detroit, Ashby alitoa Afro-Harping kwa lebo ya Cadet ya Chicago, chini ya uelekezi wa Richard Evans. Jina lenyewe linasema yote. Mdundo ni mzito, wa soul, na kinubi kiko katikati kabisa. Mwaka 1970 akaja na The Rubaiyat of Dorothy Ashby, iliyochochewa na beti za Omar Khayyam. Humo anaimba, anapiga koto ya Kijapani, na anapiga kalimba, ndugu wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma.

Kando ya hayo, yeye na mumewe John Ashby waliendesha kundi la maigizo Detroit, Ashby Players, lililocheza hadithi za maisha ya Watu Weusi. John aliandika, Dorothy akatunga muziki. Aliandika pia uhakiki wa rekodi katika gazeti la Detroit Free Press. Halafu wakahamia California, na kwa msaada wa Bill Withers akapata kazi za studio. Kazi hizo zililipa. Lakini mtu wa studio jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, na sisi nani husoma nyuma ya jalada?

Alifariki 1986 kwa saratani, akiwa hajafika miaka 60. Miaka michache baadaye maprodyuza wa hip-hop wakaanza kufukua santuri zake na kukata vipande vyake kutengeneza mabiti. Vijana wakatingisha vichwa kwa vidole vya mtu wasiyemjua. Mpiga kinubi Brandee Younger ndiye amefanya kazi kubwa ya kulirudisha jina: albamu yake ya 2023, Brand New Life, ina tungo za Ashby. Mwaka huohuo zile albamu sita za mwanzo zilitolewa upya pamoja.

Ukitaka pa kuanzia, anza na Afro-Harping, halafu rudi nyuma hadi 1957. Na ukishamaliza, tafuta anayepiga nyatiti au adungu karibu na kwenu akiwa bado hai, umlipe, na uliandike jina lake vizuri.