Mazimwi ya Ukingoni mwa Ramani

Ndani ya kanisa kuu la Hereford, Uingereza, kuna ramani ya dunia iliyochorwa kwenye ngozi ya ndama mnamo mwaka 1300 hivi. Mashariki iko juu, kwa hiyo Afrika imekaa kulia. Ifuate hadi ukingoni kabisa, utakuta foleni ya viumbe: mmoja hana kichwa, macho na mdomo viko kifuani, mwingine ana macho manne, mwingine mdomo umezibana, anafyonza chakula kwa mrija.

Mchoraji hakuwatunga. Pliny, Mrumi wa karne ya 1, alishaandika habari za watu wa namna hiyo, na wanakili wakapokezana. Wahenga husema lisemwalo lipo. Hawa walisemwa tu, wakachorwa. Na Augustino wa Hippo, mwenyewe mzaliwa wa Afrika, alikuwa ametahadharisha mapema: huenda hawapo; ila kama wapo, na ni binadamu, basi ni uzao wa Adamu kama sisi.

Miaka hiyohiyo ya ramani, Marco Polo alisimulia kwamba watu wa Zanzibar wanaonekana kama majitu. Hakuwahi kukanyaga huko. Mwaka 1331 Ibn Battuta akafika Kilwa. Aliona nini? Mji mzuri na watu wacha Mungu.

Mmoja alisikia, mwingine alifika. Basi.

Mimi naishi kwa kuandika habari, na ramani hii hunisuta: ni nani nimemchora bila kichwa kwa sababu tu sikwenda kumwona?