Ulaya yajibu China kwa umoja, sisi je?

Niko Nyacheki, Kisii, nchi ya chai na ndizi. Chai ya milima hii hupigwa mnada kwetu Mombasa, hivyo mambo ya Ulaya na China yanatuhusu sote.

China ilianzisha mpango wa Ukanda na Njia 2013. Reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017, ilijengwa kwa mkopo wake. Umoja wa Ulaya, nchi 27, ukajibu Desemba 2021 kwa Global Gateway, mpango wa hadi yuro bilioni 300.

Na sisi? Afrika Mashariki ilimaliza mazungumzo ya mkataba wa biashara na Ulaya 2014. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda pekee zikatia saini. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake. Mkataba wake ulianza kutumika Julai 2024.

Soko tumelipata, lakini nguvu ya kujadiliana bei tumeiacha njiani. Kidole kimoja hakivunji chawa.